Mbayuwayu wa Kabiro, Shomoro wa Raila

Kabiro, Kawangware
24 Machi 2025

Tabby,

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Kila tukipigiana mmoja anakata kabla mwingine hajamaliza, na najua mara nyingi ni mimi. Kwa karatasi huwezi kunikata. Utasoma mpaka mwisho au utaitupa, lakini maneno yatakuwa yamefika.

Anayekuletea ni Trizah, huyu wa ndizi. Anasema siku hizi anauzia huko Raila, Kibera, karibu na pale unaposukia watu nywele, na kila asubuhi anapita hapa kwangu akienda. Ndiye aliyeniambia kwamba una mimba na tumbo limeshaonekana. Nilimjibu kwamba najua. Sikuwa najua.

Basi. Sikuanza hii barua nigombane. Mimi niko sawa, mguu tu unaniuma kukiwa na baridi. Nyumba imekuwa kubwa tangu uende. Wapangaji wako na mambo yao, na mimi nikishamaliza kazi ya asubuhi naketi veranda.

Hapo veranda kuna mbayuwayu wawili wanajenga juu ya mlango wa mbele, kwenye pembe, chini kidogo ya dari. Siku ya kwanza nilichukua fagio niwafukuze. Halafu nikaona mmoja amebeba donge la matope mdomoni, dogo kama punje ya hindi, nikaona aibu kumpiga. Matope wanatoa pale nyuma ya ploti ambapo bomba la maji linavuja. Wanachanganya na vipande vya nyasi kavu, kama sisi tulivyokuwa tukikandika nyumba za udongo. Wanapanga mstari mmoja, wanauacha ukauke, ndipo wanaongeza mwingine. Wakipanda haraka, ule mzigo wa juu unavuta wa chini na yote yanashuka.

Lakini nina wasiwasi nao. Anayejenga mahali pabaya, hata awe na bidii namna gani, nyumba itamwangukia na watoto ndani. Nawatazama nikifikiria hivyo.

Nijibu ukitaka.

Mama yako,
Waruguru


Raila, Kibera
30 Machi 2025

Mami,

Nimesoma mpaka mwisho. Nimeona pia pale ulipotaka kufika.

Kama unataka kusema nimejenga mahali pabaya, sema hivyo. Usitume ndege. Umenyamaza muda wote huu, na siku umeamua kuongea unaniambia nyumba itaniangukia na mtoto ndani? Najua naishi kwa mabati. Najua nilitoka kwa nyumba ya mawe. Kila mtu Kawangware 46 na Kabiro yote ameshaniambia, haikuwa lazima uandike.

Muli anakusalimia. Anaitwa Muli, Mami. Jina unalijua vizuri. Alikuwa fundi kwa ploti yako na alikutengenezea kabati la jikoni kabla hujaambiwa kwamba tunapendana.

Nilitaka kumaliza hapo lakini karatasi bado iko, na nikikutumia nusu utasema nina hasira kama baba.

Hapa kwetu ndege ni shomoro. Wameingia kwenye upenyo kati ya ukuta na bati la paa, upande wa kitanda. Wao hawajui matope. Wanajaza tu: majani makavu, uzi wa gunia, tishu, na nywele za bandia wanazookota chini ya kiti changu nikisuka. Ukiangalia kutoka chini unaona rangi ya zambarau na dhahabu zimening'inia, kama kiota chenyewe kimeenda saluni. Wateja wangu wanacheka. Mimi nimefurahi kuona takataka zangu zina kazi.

Mimba iko sawa.

Tabby


Kabiro
4 Aprili 2025

Tabby,

Nilikuwa naongea juu ya ndege.

Soma tena ile barua ukiwa umetulia. Nikitaka kukuambia jambo juu yako huwa nakuambia, hilo hujawahi kulalamika kwamba silifanyi. Mahali pabaya ni ukuta wangu. Krismasi nilimwita Kagiri apake veranda rangi ya mafuta, ile ya kung'aa, ili vumbi lipanguswe na kitambaa. Matope hayashiki hapo. Wale ndege walijenga mstari wa kwanza ukateleza wote ukaanguka sakafuni. Wakaanza tena, ukaanguka tena. Safari ya mwisho walisogea mpaka kwenye ufa mdogo ambao Kagiri hakupaka vizuri, na hapo ndipo matope yaliposhika. Yaani wanategemea ule ufa peke yake. Ndiyo maana nikasema nina wasiwasi.

Sasa wamemaliza. Ungekuwa hapa ungekipenda. Kiko kama kibuyu kilicholazwa ubavu, na shingo yake ndiyo mlango. Nilikuwa najiuliza shingo ni ya nini, kazi yote hiyo ya ziada. Jumanne nikajua. Kunguru alitua kwenye ukingo akasukuma mdomo ndani, kichwa kikakwama, akajaribu kwa upande mwingine, akaenda zake. Ndani jike hakusogea hata kidogo. Na mvua ikija ya kupeperushwa na upepo inalowesha tumbo la kiota kwa nje tu, ile shingo inazuia maji yasiingie.

Kazi ya matope imeisha, sasa wanabeba manyoya. Laini tu, yale madogo ya kifuani mwa kuku. Wakipata la bawa wanaliacha. Matope ni baridi, unajua sakafu ya udongo ilivyo asubuhi, kwa hivyo lazima waweke kitu kati ya mayai na matope.

Unaenda kliniki? Miguu imevimba? Mimi yangu ilivimba. Usibebe maji.

Msalimie huyo fundi.

Mama yako


Raila
9 Mei 2025

Mami,

Nisamehe kwa ile barua, na kwa kukawia. Nilisoma nikiwa na njaa.

Naenda kliniki. Wanasema niko sawa. Nasuka nikiwa nimekaa, mteja anakaa chini kwa mkeka, na maji anabeba Muli. Usiwe na wasiwasi.

Wacha nikuambie kilichotokea hapa juzi. Wale shomoro waliangua, tukawa tunasikia vifaranga mchana kutwa, wakilia kila mama akiingia. Jumatano nikaona kitu kinaning'inia ukutani ndani ya nyumba. Nilidhani ni kitambaa. Kilikuwa kifaranga. Uzi wa nywele zangu za bandia ulikuwa umejifunga kwenye mguu wake, akateleza nje ya kiota akabaki amening'inia kichwa chini, anapiga vibawa ambavyo havijaota manyoya. Mami, mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi kidogo pale ulipofungwa. Nywele za kawaida zinakatika. Nyuzi za gunia zinaoza. Hizi za dukani ni plastiki, mtoto akikua uzi haukui naye, unazidi tu kumkaza.

Nilianza kulia kama mjinga. Muli alikuwa nyumbani, akapanda kwenye stuli akamshika ndani ya kiganja. Mimi nilishika tochi. Alikata ule uzi kwa wembe, kidogo kidogo, akiwa ameshika pumzi, na huyu ni mtu ambaye siku nzima anapiga randa na nyundo. Ilichukua muda mrefu. Alipomaliza alitoa kila uzi uliokuwa unaonekana, akamrudisha. Nilimuuliza kama mama yake atamkataa kwa sababu ameshikwa na mtu. Akasema hapana, hayo ni maneno tu ya kuwatisha watoto wasiguse viota. Na ni kweli, mama alirudi na kiwavi kabla stuli haijaondolewa.

Sasa kila jioni nafagia nywele zote natia kwenye mfuko nafunga. Osewe, jirani anayechinja kuku, ananipa manyoya nayaweka juu ya ukuta. Wanayachukua yote. Kitu kingine kinachonishangaza, wanaokota vichungi vya sigara na kuvitia humo ndani. Nilitaka kuvitoa. Muli akasema niache, kwao Kitui watu huweka majani ya tumbaku chini ya kuku anayeatamia ili utitiri wasimmalize, na labda ndege amegundua hivyo hivyo. Sijui kama ni kweli lakini vifaranga wako na afya.

Yule wa mguu anachechemea lakini anakula kushinda wenzake.

Mtoto anacheza sana nikilala kwa upande wa kushoto.

Tabby


Kabiro
15 Mei 2025, asubuhi

Kwa Muli,

Barua hii ni yako, si ya Tabby. Nimemwambia Trizah akupe wewe mkononi pale karakana. Sina namba yako, na nikipiga ya Tabby atashtuka, na mtu katika hali yake hafai kushtushwa. Usimwambie.

Tabby amekueleza kuhusu mbayuwayu wangu. Mvua imepiga kwa upepo tangu jana na ule ufa umeachilia. Kiota kimeanguka alfajiri. Kimepasuka vipande. Vifaranga ni wanne, wako uchi na macho hayajafunguka. Mmoja amekufa. Watatu nimewafunga kwenye leso nimewaweka ndani ya sufuria karibu na jiko, lakini mama na baba yao wanazunguka veranda wakilia na hawawezi kuingia jikoni. Nikiwatoa nje niwaweke chini, kuna paka.

Kagiri amepita akasema niwatupe, ni ndege tu. Sitaki kuwatupa.

Nimekumbuka ulivyokata ule uzi. Wewe ni fundi. Kama unaweza kutengeneza kitu cha kushika ukutani, njoo. Kama uko na kazi nitaelewa.

Waruguru


Raila
15 Mei, mchana

Muli,

Umeenda wapi bila simu? Iko hapa kitandani inalia. Nimeuliza karakana wanasema ulisoma barua ukachukua kamba na msumeno ukatoka mbio.

Chupa ya uzazi imepasuka. Kichwa kinauma sana na naona vimulimuli. Trizah amepata gari, tunaenda hospitali sasa. Anasema anajua uko wapi lakini ameahidi kutosema, nimemwambia leo hakuna ahadi, ampigie mtu yeyote anayetaka.

Ni mapema sana, Muli. Bado hatujanunua hata blanketi.

T.


Raila, Kibera
18 Mei 2025

Tabby mwanangu,

Muli anakuletea hii pamoja na uji. Wanamruhusu tu mlangoni, na mimi hawaniruhusu kabisa, na simu yako wameikataza ndani ya chumba cha watoto. Kwa hivyo tumerudi kwa karatasi.

Unaona nimeandika wapi. Niko kwako. Nitakuwa hapa mpaka utoke.

Wacha nikuambie yale ambayo Muli hatakuambia, kwa sababu yeye anajilaumu kwamba hakuwa nyumbani. Alikuwa kwangu. Kiota changu kilikuwa kimeanguka na vifaranga, mimi ndiye niliyemwita, na mimi ndiye niliyesema usiambiwe. Alikuja amebeba kibuyu chenye shingo, ubao ambao haujapigwa randa, na kamba. Hakusalimia hata vizuri. Aliomba kuwaona vifaranga kwanza. Aliwagusa matumbo kwa mgongo wa kidole akasema bado wana joto, akapanda ngazi. Alikwangua rangi yangu ya mafuta kwa msasa mpaka saruji ikaonekana. Akapigilia ule ubao akasema ameuacha ukwaruze makusudi, ili wakitaka kuongeza matope yashike. Kibuyu alikikata ubavu, akakifunga kikiwa kimelala, shingo ikitazama kule kule ilikokuwa inatazama ya zamani. Mimi nilikuwa nimefagia yale manyoya nikayatia kwenye pipa. Alishuka akayatoa yote, akapuliza vumbi, akayapanga ndani kwa mkono. Alisema manyoya mapya hayatanuka kama kwao.

Nilikuwa nimepika chai. Alikataa kukaa. Alisimama karibu na mlango wa jikoni, mimi kando yake, tunatazama kibuyu. Yule jike akaja akashika ukingo wa ubao, akaruka, akarudi, akaruka. Halafu akaingia. Tukasikia watoto. Muli akaniangalia akasema, "Mama, sasa naweza kunywa chai."

Kikombe kilikuwa mkononi mwake Trizah alipopiga simu yangu. Tulikimbia wote wawili mpaka barabarani. Tabby, na mguu wangu huu.

Nimelala kwa nyumba yako siku kadhaa sasa. Nilifikiri nitapata baridi. Usiku wa kwanza nilivaa sweta mbili nikavua moja. Asubuhi nikagusa ukuta. Ameweka katoni juu ya katoni, kisha gunia, kisha kitambaa, na kati ya hapo na bati ameacha nafasi kidogo ili umande wa bati usifikie katoni. Kule juu ameacha tundu la hewa. Mlango ameupa mgongo upande upepo unakotoka, na pale mvua inapovuja ameshusha mfereji wa bati uliokunjwa unaopeleka maji nje. Nilitafuta kosa, unanijua. Nimepata moja tu, kwamba rafu ya vyombo iko juu sana kwangu.

Kula uji wote. Niambie anapumuaje.

Mama


Wodini
20 Mei 2025

Mami,

Nilikudanganya kuhusu kliniki. Mwezi wa nne waliniambia presha iko juu, nilale, nisisuke. Nililala siku chache nikarudi kwa wateja. Nilijua nikikuandikia utasema ni kwa sababu ya huku. Nilitaka uendelee kuniandikia kuhusu manyoya.

Ni msichana. Umeshaambiwa, lakini nataka kukuambia mwenyewe. Ni mdogo kiasi kwamba pete yangu inapita mkononi mwake mpaka begani. Ana nywele mgongoni. Anakula maziwa yangu kwa mpira mwembamba unaopita puani.

Leo alisahau kupumua. Hivyo ndivyo nesi Sella anavyosema, kwamba hawa wadogo husahau. Alibadilika rangi midomoni, mashine ikalia, na Sella akaja bila kukimbia akamkuna wayo kwa ukucha. Mtoto akakasirika, akapumua. Mimi nilikuwa nimesimama tu nimeziba mdomo. Sella ameniambia usiku na mchana nitakuwa namsikiliza, na nikimwona amenyamaza nimkune vile vile.

Jana kitanda kimoja kilikuwa na mtoto, leo hakina.

Siwezi kuandika zaidi.

Tabby


Raila
21 Mei 2025

Tabby,

Nimemsomea Muli barua yako kwa sauti.

Sina hasira juu ya kliniki. Ningesema hayo uliyosema ningesema. Hiyo imeisha.

Sasa nisikilize. Muli anasema nesi anataka umweke kifuani, ngozi kwa ngozi, na unaogopa kwa sababu ya ile mipira yake. Usiogope. Unakumbuka kuku wetu wa zamani, yule mweupe? Alipokuwa anaatamia uliniuliza kama ana ugonjwa, kwa sababu tumbo lilikuwa limenyonyoka. Nilikuambia anajing'oa manyoya mwenyewe. Manyoya ya kifuani yanazuia joto lisitoke, kwa hivyo anayaondoa ili ngozi yake ya moto iguse mayai moja kwa moja, na yale aliyong'oa anayapanga kiotani. Hawa mbayuwayu ni vivyo hivyo. Kiota kinamsaidia tu joto lisipotee. Joto lenyewe linatoka kwa mama.

Fungua blauzi. Mweke. Nakutumia leso, ile laini ya pamba, umfunge nayo kwa nje. Soksi na kofia nimefuma mimi, kwa uzi wa pamba. Nimekata kila uzi ulioning'inia na nimeingiza mkono ndani kutafuta uliolegea, ili usije ukamfunga kidole. Hilo nimejifunza kwako.

Muli ameanza kumalizia kile kitanda kidogo. Usiku hapati usingizi, nasikia msasa.

Mama


Wodini
3 Juni 2025

Mami,

Tunalala pamoja sasa, yeye kifuani mimi nimeegemea mto, saa zote. Alisahau kupumua mara nyingine mbili katika wiki ya kwanza, na mara zote mbili alikuwa juu yangu nikamsikia kabla ya mashine. Tangu hapo hajasahau. Sella anasema kifua cha mama kinamkumbusha.

Mpira wa puani umetolewa jana. Ananyonya kidogo, anachoka, analala, ananyonya tena. Kofia yako iko kichwani. Akina mama wengine wameuliza ni nani aliyefuma.

Muli aliingia leo, wamemruhusu avae joho la hospitali. Nimemfungua shati nikamwekea mtoto kifuani. Hakusogea kabisa. Nilimwambia anaweza kupumua, akasema baadaye.

Amenieleza kuhusu ndege wako, kwamba wewe mwenyewe unapanda gari kwenda Kabiro kila Jumapili baada ya kanisa kuwaangalia. Na kwamba wameongeza matope yao kuzunguka mdomo wa kibuyu, kama vile hawakuridhika na kazi ya fundi. Alikuwa anacheka akisimulia. Shomoro wetu je, wameshatoka?

Kuna jambo tunataka kukuuliza. Kwenye kadi yake bado wameandika tu "Mtoto wa Tabby". Sella anataka jina kabla hatujaruhusiwa. Muli na mimi tumekubaliana. Tunataka aitwe Waruguru. Ungetufurahisha ukikubali, hasa baada ya yote uliyofanya. Muli mwenyewe ndiye aliyelitaja kwanza.

Tabby


Raila
5 Juni 2025

Tabby,

Shomoro wametoka wote. Yule wa mguu ndiye alikuwa wa mwisho. Alikaa juu ya kamba ya nguo asubuhi nzima akililia chakula, na mama yake akaacha kumletea, akawa anakaa mbali na kiwavi mdomoni mpaka amfuate. Alimfuata. Wangu wa Kabiro wamefungua macho na vichwa vinajazana kwenye shingo ya kibuyu. Wataruka wiki hii au ijayo. Hao tuwaachie wenyewe.

Sasa hili la jina. Nililia kidogo, na Muli akadhani mguu unaniuma. Nimefikiri siku mbili na jibu langu ni hapana.

Usikasirike kabla hujamaliza. Unajua sisi tunavyotoa majina. Msichana wa kwanza anaitwa mama ya baba yake. Wa pili ndiye anaitwa mama ya mama yake. Ni lini msichana wa kwanza anapewa jina la nyanya, shosho wa upande wa mama? Unajua. Ni pale ambapo msichana amezaa nyumbani na hakuna mwanamume wa kutajwa. Mtu yeyote wa Kabiro akisikia mtoto wako wa kwanza anaitwa Waruguru, atajua maana yake bila kuuliza, kwamba Tabby hana bwana.

Huyu ana baba. Nimekaa naye kwa nyumba moja nimemwona.

Jana nimempigia simu mama yake Muli kule Kitui. Namba nilimwomba Muli, hakuniuliza ya nini. Hatukuwa tumewahi kuongea. Anaitwa Kavindu, sauti yake ni ndogo, na mwanzo aliogopa kwamba nimepiga kumwambia habari mbaya. Nilimwambia mjukuu wake ananyonya. Akaniuliza, kwa upole, kama ningekubali aje amwone. Nimemwambia aje alale kwangu Kabiro, na nitampokea mwenyewe kwenye stendi.

Mwambie Sella aandike leo, kabla zamu yake haijaisha. Kavindu Muli. Ahakikishe herufi.

Mimi nitangoja wa pili.

Waruguru,
shosho ya Kavindu